Karatasi ya Mazingira: Kofia ya Kijiji Kizima

SOMO LA USALAMA NA AFYA

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba,

Kila siku kabla ya kuingia kazini unavaa kofia, buti, miwani na kinga ya pua. Kapita akikuona bila kofia anakurudisha nyuma, naye anafanya vizuri. Lakini kofia yako inalinda kichwa kimoja tu. Haiwezi kulinda kisima ambapo mke wako anachota maji, wala shamba la mihogo lililo chini ya kilima cha udongo wa mgodi, wala kifua cha mtoto anayecheza kando ya barabara ya malori.

Je, hao hawana kofia yao? Wanayo. Ni karatasi. Inaitwa cheti cha mazingira, na katika nchi yetu sheria inakataza mgodi au kiwanda kikubwa kuanza kazi bila kuwa nacho. Watu wengi wa Lubudi, Tenke, Fungurume na Kolwezi wamesikia habari zake. Walioifungua na kuisoma ni wachache. Leo tujifunze pamoja: karatasi hiyo inatolewa na nani, ndani yake mna nini, na wewe una kazi gani katika jambo hilo. Maana kofia iliyotundikwa ukutani haimlindi mtu.

1. UCHAFU HAUBAKI NDANI YA UZIO

Sisi watu wa mgodi tunaishi karibu na kazi yetu. Mlinzi wa mlangoni anaweza kumzuia mwizi. Hawezi kuzuia vumbi, moshi wala maji.

Tazama teritwari yetu. Lubudi imejulikana tangu wakati wa Wabelgiji kwa mawe ya chokaa na sementi. Upande wa Tenke na Fungurume kuna shaba na kobalti. Mto Lubudi unaingia katika Lualaba, na Lualaba inateremka hadi Bukama na maziwa ya Upemba, mahali wanapovua samaki tunaowanunua sokoni. Kinachomwagwa huku juu, mwingine anakinywa kule chini.

Tusidhani ni maneno ya kutisha watoto. Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi, kwa jirani zetu wa Zambia, ukuta wa bwawa la matope ya kiwanda cha shaba ulibomoka. Maji yenye asidi, karibu lita milioni 50, yakaingia katika kijito na kufika mto Kafue. Samaki wakafa, mashamba ya kando ya maji yakaungua, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba.

Kwetu pia. Mwezi wa Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori lililobeba asidi ya salfa liligongana na basi. Karibu watu 20 wakafa, wengine wakaungua vibaya. Hawakuwa watumishi wa mgodi. Walikuwa wasafiri na watu wa kijiji.

Tena kuna uchafu usiopiga kelele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walipima mkojo wa watu wa Kasulo, kartie ya Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Katika habari walizotoa mwaka 2018, watoto wa huko walikuwa na kobalti karibu mara kumi kupita watoto wa mahali pengine. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo hivyo walitoa habari nyingine kutoka Lubumbashi: watoto wenye vilema vya kuzaliwa walionekana zaidi kwa akina baba waliofanya kazi ya madini. Hawakusema kwamba kila mtumishi atapata shida hiyo. Lakini habari hiyo inatosha kutufanya tuwe na akili.

2. SHERIA INASEMAJE?

Viwanda vyetu vikubwa vya zamani vilijengwa kabla ya sheria hizi za leo. Shituru ya Likasi ilianza mwaka 1929 na Luilu ya Kolwezi mwaka 1960. Mambo yalibadilika polepole. Haya ndiyo maandiko unayopaswa kuyajua, hata kama si kwa moyo:

— Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya kuishi mahali pazuri kwa afya yake, nacho kinamwekea wajibu wa kupalinda. Angalia vizuri: haki na wajibu viko pamoja. Kifungu cha 54 kinasema kwamba uchafuzi wowote unaotokana na kazi ya kutafuta mali unaleta fidia au matengenezo.

— Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, juu ya kanuni kubwa za kulinda mazingira. Ndiyo inayodai uchunguzi wa madhara kabla ya kazi, na ndiyo inayodai watu waulizwe.

— Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Tangu marekebisho hayo, mwenye haki ya kuchimba anapaswa kulipa hasara aliyowaletea watu, mali na mazingira kwa sababu ya kazi yake, hata kama hakuna aliyeonyesha kwamba alikosa au alizembea.

Neno hili la mwisho ni kubwa. Mtu aliyeharibiwa shamba hahitaji kuthibitisha kwamba injinia fulani alilala kazini. Lakini lazima aonyeshe hasara yenyewe na mahali ilikotoka. Kwa hiyo tutazungumza mbele kidogo juu ya kuandika.

3. SAFARI YA KARATASI

Tuseme sharika inataka kufungua shimo jipya karibu na kijiji. Karatasi inasafiri hivi:

Kwanza, sharika inaita wataalamu. Wanapima maji, udongo na hewa. Wanahesabu nyumba, visima, mashamba na makaburi. Wanaandika kitabu kinene kinachoeleza mabaya yatakayoweza kutokea. Wakubwa wanakiita kwa herufi nne za Kifaransa: EIES. Maana yake ni uchunguzi wa madhara kwa mazingira na kwa maisha ya watu.

Pili, ndani ya kitabu hicho kuna sehemu inayoitwa PGES. Shika herufi hizi nne. Hii ndiyo orodha ya ahadi. Inasema: tutamwagia barabara maji kila siku, tutatandika mpira chini ya bwawa ili asidi isinywee ardhini, tutapima kisima hiki na kisima kile, tutapanda miti, tutahamisha nyumba hizi na kulipa. Kila ahadi ina bei yake na wakati wake.

Tatu, watu wa mahali wanaulizwa. Tutarudi hapo, maana ndipo mlango wako ulipo.

Nne, kitabu kinapelekwa serikalini. Ombi la haki ya kuchimba linapokelewa na Cadastre Minier, ofisi inayoandika mashamba ya madini. Kitabu cha mazingira kinachunguzwa na Agence Congolaise de l'Environnement, inayojulikana kama ACE, iliyoundwa kwa amri ya tarehe 18 Novemba 2014. Inafanya kazi hiyo pamoja na idara ya Wizara ya Madini ya kulinda mazingira ya migodi, inayoitwa DPEM.

Tano, kitabu kikionekana kuwa kizuri, ACE inatoa cheti. Kikiwa na upungufu kinarudishwa kutengenezwa, au kinakataliwa.

Sita, sharika inaweka dhamana ya fedha kwa ajili ya kutengeneza ardhi siku mgodi utakapofungwa. Hata ikifilisika, mashimo yasiachwe wazi bila mtu wa kuyaziba.

Usifikiri cheti kikitoka mambo yamekwisha. Kitabu kinapaswa kutazamwa upya kila baada ya miaka 5, tena mapema zaidi kama kazi imebadilika, kwa mfano kikiongezwa kiwanda cha asidi ambacho hakikuwemo mwanzoni.

4. SIKU YA KUULIZWA

Sheria ya 2011 inadai uchunguzi mbele ya watu. Makusudi yake ni matatu: kuwapasha watu habari, kujua haki walizo nazo mahali hapo, na kupokea mawazo yao, hata yale yaliyo kinyume. Si siku ya kupiga makofi na kugawiwa soda. Ni siku ya kazi.

Mwandishi wa ukurasa huu alikaa miaka kadhaa katika kambi ya kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja. Siku ya mkutano ilitangazwa kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni pa ofisi, kwa Kifaransa. Ilikuwa asubuhi ya kazi. Wanaume wa zamu ya kwanza walikuwa kazini, wa zamu ya usiku walikuwa wamelala, akina mama walikuwa shambani. Waliofika walikuwa wazee wachache na vijana waliotafuta kazi. Swali lao lilikuwa moja: mtaandika watu wangapi? Wakajibiwa, wakashukuru, wakatia sahihi.

Mwaka uliofuata, mvua kubwa ya kwanza ilijaza mfereji wa kiwanda, maji yakamwagika hadi kwenye kisima cha chini. Maji yakawa na ladha ya chuma. Akina mama waliyachemsha, wakaendelea kuyatumia, kwa kuwa walifundishwa kwamba maji yaliyochemshwa ni mazuri. Baadaye tulipokwenda kuuliza ofisini tulionyeshwa kitabu. Tukasoma wenyewe: mfereji ule ulipaswa kujengwa kwa saruji na kupanuliwa kabla ya majira ya mvua. Ahadi ilikuwepo, imeandikwa, ina tarehe. Miezi mingi ilikuwa imepita, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba tulikuwa na haki ya kuuliza: mfereji uko wapi?

Mimi pia nilikuwa kambini siku ya mkutano ule. Nilikuwa nimelala.

Basi, ndugu, siku ya kuulizwa ikitangazwa kwenu, fanyeni hivi:

a) Ombeni saa nzuri. Delege wa sendika na chifu wanaweza kuomba mkutano ufanywe wakati ambao watu wa zamu zote na akina mama wanaweza kufika. Ikishindikana, ombeni mikutano miwili.

b) Ombeni maelezo kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji. Mtu hawezi kukubali jambo asilolisikia.

c) Ombeni muhtasari wa PGES siku kadhaa mbele, mwalimu wa shule awasomee watu.

d) Pelekeni akina mama. Mwanamume anajua mgodi, lakini mwanamke ndiye anayejua kisima kipi kinakauka mwezi wa Septemba, na kijito kipi watoto wanaoga.

e) Ulizeni maswali yanayoweza kujibiwa. Haya yanatosha kuanza:
— Maji machafu yatapita wapi, na mvua kubwa ikija yatakwenda wapi?
— Chini ya bwawa mtatandika nini?
— Ni visima gani mtapima, kila baada ya muda gani, na majibu tutayasoma wapi?
— Malori ya asidi yatapita barabara gani, saa ngapi, na yakianguka nani atakuja?
— Vumbi la barabara mtalizuia kwa nini, mara ngapi kwa siku wakati wa kiangazi?
— Mtu mwenye malalamiko amwendee nani, na atajibiwa kwa siku ngapi?

f) Maswali na majibu yaandikwe katika ripoti ya mkutano. Kabla ya kutia sahihi, someni kilichoandikwa. Kama neno lenu halimo, ombeni litiwe.

5. KARATASI IMETOKA: SASA TUANGALIE

Serikali ina wakaguzi wake, lakini mkaguzi hakai kijijini. Anakuja na kuondoka. Wewe uko hapo asubuhi na usiku. Macho yako ni msaada mkubwa kwake, ikiwa unajua kuona na kuandika.

Kulalamika tu hakusaidii. Linganisha maneno haya mawili.

La kwanza: "Maji yetu yameharibika, wanatuua."

La pili: "Jumanne saa kumi na mbili ya asubuhi, maji ya mfereji ulio nyuma ya shule yalikuwa ya rangi ya kijani yenye samawati. Usiku mvua ilinyesha. Tuliona samaki wadogo waliokufa, kama kumi na watano. Tuliokuwepo ni watu watatu. Tumejaza chupa moja safi, tumeifunga na kuandika tarehe na saa."

Neno la kwanza linaonyesha uchungu, na uchungu huo ni wa kweli. Lakini la pili linamlazimisha mtu kutoka ofisini. Nunueni daftari moja kwa kartie, mchague mtu mwaminifu wa kulitunza.

Ukiona hatari, nenda kwa utaratibu huu:

Ndani ya kazi, mwambie kapita wako, kisha Kamati ya usalama, usafi na upambo wa mahali pa kazi. Kamati hiyo ni ya sheria, si zawadi ya mkubwa. Delege wako anapaswa kukusindikiza.

Nje ya kazi, andikeni barua kwa ofisi ya sharika inayoshughulika na watu wa vijiji. Pelekeni nakala kwa chifu na kwa msimamizi wa teritwari. Mkikosa jibu, nendeni kwa ofisi za jimbo zilizoko Kolwezi, yaani ya mazingira na ya madini. Hizo ndizo zinazoweza kumfikishia ACE na DPEM habari. Kila barua iwe na nakala moja ya kwenu yenye muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haikupelekwa.

Neno moja juu ya fedha. Sharika za madini zinalipa kodi ya madini, ambayo asilimia 15 yake ni ya watawala wa mahali, na zinatoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji. Fedha hizo zinajenga shule na zahanati, nasi tunashukuru. Lakini si malipo ya uchafu. Mtu akikuambia, "Mlijengewa shule, sasa nyamazeni juu ya kisima," mjibu kwa heshima kwamba hayo ni madeni mawili.

6. "TUKISEMA, KAZI ITAFUNGWA"

Hilo ndilo jambo tunalolisikia zaidi kambini. Mtumishi anaona mfereji unavuja, anarudi nyumbani na kunyamaza. Mke wake akimwuliza anajibu, "Mama, wacha. Wakifunga kiwanda tutakula nini?"

Swali lake si la kijinga. Ana watoto wa kusomesha, ana wazazi kijijini. Tusimcheke. Lakini tumwonyeshe upande wa pili.

Mwezi wa Novemba 2025, maji machafu ya kiwanda kimoja yalimwagika katika mitaa ya Lubumbashi. Serikali ikasimamisha kazi ya kiwanda hicho kwa miezi mitatu. Huko hakuna mtumishi aliyefungisha kazi kwa kuuliza swali. Kazi ilisimama kwa sababu maji yalifika barabarani mbele ya macho ya wote. Ufa unaozibwa mapema ni kazi ya siku chache kwa mafundi wawili. Ufa ulionyamaziwa unaweza kusimamisha mgodi mzima, na siku hiyo mwenye mtaji anapoteza faida, lakini mtumishi wa kutwa anapoteza bukari ya jioni.

Msimamizi mwenye akili anapenda kuambiwa mapema. Yeye pia ana ripoti za kupeleka serikalini, naye hapendi mkaguzi aone kabla yake. Kwa hiyo sema mapema, sema kwa heshima, sema mkiwa wengi, na sema kwa maandishi. Mtu mmoja akisema, atatafutwa jina lake. Kamati ikisema, litatafutwa jambo lenyewe.

7. KAZI NDOGO ZA NYUMBANI

Sheria ya mazingira haiwahusu wakubwa peke yao. Watumishi wengi wana kinu cha unga cha mazuti, karakana ya kuchomelea vyuma au duka la mafuta ya gari kando ya nyumba. Kazi zenye moshi, kelele, moto au mafuta zinasimamiwa na amri namba 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013. Zimegawanywa kwa madaraja kadiri ya hatari yake, kubwa zikiwa chini ya wakubwa wa juu na ndogo chini ya watawala wa karibu.

Kama mke wako anataka kuweka kinu, shauri letu ni hili. Kabla ya kununua mashine, mwende ofisi ya mazingira ya mahali penu, mwulize kinu cha nguvu hiyo ni cha daraja gani na kinaombewa ruhusa wapi. Chagueni mahali mbali na shule na kisima. Tundu la moshi lipande juu ya mapaa. Mafuta machafu yatiwe katika pipa, yasimwagwe ardhini, maana kisima cha jirani kiko chini ya ardhi hiyo hiyo. Mkitakiwa kulipa, ombeni karatasi ya malipo yenye namba na muhuri. Pesa iliyotolewa mkononi bila karatasi haikupatii ruhusa. Kesho mwingine atakuja kuidai tena.

Tena ni aibu kumdai mwenye mgodi mfereji safi, hali sisi tunamwaga mazuti kisimani.

8. KINACHOANZA LEO JIONI

Cheti ni cha sharika, lakini mengine yako mikononi mwako. Haya hayahitaji sahihi ya mtu:

— Acha nguo za kazi na buti kazini. Oga kabla ya kumshika mtoto. Vumbi la shimoni lisilale kitandani.

— Ikilazimika kufua nguo za kazi nyumbani, zilowekwe kwanza ili vumbi lisiruke, zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.

— Usilete nyumbani pipa lililokuwa na asidi au dawa za kiwanda, hata likioshwa mara kumi. Usiliuze pia. Atakayelinunua atatilia maji ya kunywa.

— Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kuhara. Hakuondoi asidi, shaba wala kobalti. Maji yenye rangi ngeni au ladha ya chuma yaachwe, yaripotiwe, tena watu watafute maji mahali pengine. Na ujue kwamba hata maji meupe yanaweza kuwa na madini. Ndiyo maana tunadai yapimwe.

— Watoto wasiogelee katika bwawa la matope ya kiwanda wala kucheza juu ya kingo zake.

— Lori la asidi likianguka, usikimbilie kuokota kitu wala kuchota. Kimbia upande upepo unakotoka, uwaite watu waondoke, kisha pasha habari. Aliyerukiwa na asidi avuliwe nguo upesi na kuoshwa kwa maji mengi safi yanayotiririka, si chini ya dakika 20, macho yakiwa wazi kama yamepatwa. Usimpake mafuta wala dawa ya meno. Akishaoshwa apelekwe kwa mganga.

TUKUMBUKE

1. Cheti cha mazingira kinatoka kabla ya kazi kuanza, wala si baadaye.
2. PGES ni orodha ya ahadi. Ahadi isiyojulikana haina wa kuidai.
3. Siku ya kuulizwa ni siku ya kazi kwa baba, mama na kijana.
4. Andika siku, saa, mahali na ulichokiona. Tafuta shahidi. Tunza nakala yenye muhuri.
5. Kusema mapema kunalinda kisima, kunalinda pia mshahara.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Jioni, baada ya chakula, mzime redio kidogo, mwulizane:

— Maji tunayokunywa yanatoka wapi, na juu yake kuna nini?
— Je, tunajua mahali PGES ya mgodi wetu inaposomwa? Nani katika kartie yetu anaweza kwenda kuiomba?
— Delege wetu ni nani, na nani yumo katika Kamati ya usalama?
— Mwanangu, ukiona maji ya kijani, utamwambia nani kwanza?

Mtoto akijibu swali la mwisho bila kusita, somo limeingia. Baba akishindwa kujibu la tatu, kesho aulize kazini kabla ya kengele ya zamu. Na mkutano mwingine ukitangazwa, hata kama umetoka zamu ya usiku na macho ni mazito, nenda ukaketi mbele. Utalala baadaye.